KIBAO CHA KUPIKIA NA CHA KUCHOMEA SAMAKI
Ujue mti kabla ya kushika msumeno

Jiko la Pwani halikosi vyombo vya mti. Mna mwiko, mna kinu na mchi, mna kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mna kibao cha kusukumia chapati, na mna ubao wa kukatia samaki na mboga. Mama wa nyumba anunuapo vyombo hivi kwa fundi hununua pia ujuzi wa fundi, ingawa ujuzi huo hauonekani kwa macho. Fundi amekwisha kujua ni mti gani unaopasuka, upi una uchungu, na upi unafaa kuguswa na chakula. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa."

Kuna namna nyingine ya kibao ambayo watu wengi sasa wanapenda kuijaribu, nayo ni kibao cha kuchomea. Ni ubao mwembamba uliolowekwa majini, ambao huwekwa juu ya makaa, na samaki akapikwa juu yake pasipo kuguswa na moto. Ubao hutoa mvuke na moshi kidogo, na samaki hupata harufu nzuri ya mti. Kazi ya kuutengeneza si ngumu. Mtu mwenye msumeno, randa na msasa aweza kuifanya kwa saa chache.

Lakini hapo ndipo ilipo hatari. Makupa iko karibu na bandari ya Kilindini, na mji wa bandari haukosi mbao zilizokwisha tumika: paleti za kubebea shehena, masanduku yaliyovunjwa, vipande vya nguzo na mabaki ya majengo. Mbao hizo ni za bei ndogo au hata za bure, na kwa macho zaonekana kuwa safi. Mtu akizipasua na kuzichoma chini ya chakula cha watoto wake bila kujua zimetoka wapi, huenda akawalisha sumu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtu atakaye kutengeneza kibao ni kuujua mti na mambo yaliyoupata tangu ulipokatwa. Msumeno hufuata baadaye.

ASILI YA KUCHOMA JUU YA UBAO

Kuchoma samaki kwa msaada wa mti si jambo geni. Katika Pwani yetu, tangu zamani, samaki hupasuliwa, akabanwa katika kijiti kilichopasuliwa katikati, kisha akabanikwa kando ya makaa. Wengine humfunga katika jani la mgomba ili asikauke.

Ng'ambo, katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, wenyeji wa kale walipika samaki wao kwa vijiti na mbao za mti mkubwa ambao wataalamu wa mimea huuita Thuja plicata, na ambao Waingereza huuita seda nyekundu. Huko ndiko ilikotoka sifa ya "ubao wa seda" ambayo hutajwa sana katika vitabu vya mapishi.

Hapa yafaa kuangalia sana. Katika Kenya, jina la seda hutumika kwa mti mwingine kabisa, yaani ule mwerezi wa milimani ambao Wakikuyu huuita mutarakwa, na ambao nguzo zake hutumika katika nyua za mashamba. Wataalamu huuita Juniperus procera. Jina ni moja lakini miti ni miwili. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mti wa Marekani hayawezi kuwa dhamana ya nguzo ya ua iliyotoka Nyandarua. Kwa hiyo msomaji wa kitabu cha mapishi cha ng'ambo asiende kutafuta "seda" dukani. Afadhali atafute mti wa kwao unaojulikana.

MITI INAYOFAA

Kanuni rahisi ni hii: anza na mti ambao matunda yake huliwa, kisha uliza kama mbao yake nayo ni njema. Kanuni hii si kamili, kama itakavyoonekana, lakini ni mwanzo mzuri.

Mkwaju ni mti wa kwanza kusifiwa. Mbao yake ni nzito, ngumu na ya nyuzi zilizobanana, nayo hustahimili kisu. Mafundi hutengeneza vinu na michi kwa mti huu, na katika nchi ya Thailand vigogo vya mkwaju hukatwa duara, vikatumika kama vibao vya kukatia nyama. Ubaya wake ni kwamba huchosha mkono na hufanya meno ya msumeno kuwa butu.

Mpera, mchungwa na mlimau hufaa sana kwa kibao cha kuchomea, kwa kuwa moshi wake ni mwepesi na una harufu nzuri. Miti hii si minene, na si rahisi kupata ubao mpana. Hakuna haja ya kuunganisha vipande kwa gundi au kwa misumari. Vipande viwili au vitatu vikipangwa bega kwa bega juu ya wavu wa jiko vitamtosha samaki mzima.

Mzambarau hutoa ubao mpana kidogo, mgumu, unaovumilia maji. Mfenesi nao hutoa mbao nzuri ya rangi ya manjano, ifaayo kwa kibao cha kukatia, lakini ni lazima ukauke sana kwanza, kwa sababu ungali mbichi una utomvu wa kunata.

Mwembe ndio unaovunja ile kanuni ya matunda. Mbao yake iliyokauka hufaa kwa kibao cha kukatia, kwa sinia na kwa bakuli. Lakini utomvu wa mwembe huwasha ngozi, na moshi wake huweza kuwasha macho na kifua cha watu wengine. Basi mwembe uwe wa kukatia, usiwe wa kuchomea. Mkorosho ni ndugu wa mwembe na ni mkali zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho anajua jinsi mafuta ya ganda yanavyobabua vidole. Heri kuuacha kabisa.

Ukivuka Makupa kwenda Changamwe, utakuta chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, kilichoanzishwa mwaka 1963. Kwa miaka mingi wachongaji hao walitumia hasa mpingo na muhugu. Miti hiyo ilipokuwa haba, katika miaka ya 1990 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mashirika ya hifadhi, waliwahimiza watumie miti inayopandwa na kukua upesi, kama mwembe, mwarobaini na mjakaranda. Jambo hili lamfundisha mtengenezaji wa vibao kwamba si lazima kuangamiza mti adimu ili kupata chombo kizuri. Mwembe mzee usiozaa tena, ambao mwenye shamba ataka kuukata, una mbao za vibao vingi.

MITI ISIYOFAA

Miti mingine haifai kwa sababu ya ladha yake. Mwarobaini ni mchungu, na uchungu huo waweza kuingia katika chakula. Mkaratusi una harufu kali kama ya dawa ya kikohozi. Msonobari na saipresi, ambazo ndizo mbao za kawaida katika maduka ya mbao, zina utomvu wenye mafuta. Zikiungua hutoa moshi mweusi na masizi machungu. Mvinje huota kwa wingi Pwani na kuni zake ni nzuri, lakini mbao zake hupasuka vibaya. Mvule ni mti wa milango na samani, na unga wake huwasha pua na ngozi ya fundi.

Miti mingine haifai kwa sababu ni sumu yenyewe. Mnyaa, unaopandwa kuwa ua, una utomvu mweupe unaochoma macho. Oleander, mti wa bustanini wenye maua mazuri ya waridi au meupe, una sumu ya moyo katika kila sehemu yake: majani, maua na mti. Tena uko mchungu, unaoitwa pia msunguti, ambao Wagiriama na Waata waliuchemsha vipande vya mti na mizizi yake ili kupata sumu ya mishale ya kuwindia hata ndovu. Miti hii isifanywe kibao, wala mwiko, wala kijiti cha mshikaki. Mtoto akitumwa kutafuta vijiti vya kuchomea nyama, aonyeshwe kwanza miti hiyo na kukatazwa.

Ama mikoko, ni mbao ngumu kweli, lakini huwezi kuikata bila kibali cha idara ya serikali inayoshughulika na misitu. Mikoko hulinda fuo na ndiyo malezi ya samaki wadogo. Haina maana kukata malezi ya samaki ili kumchomea samaki.

MBAO ZILIZOTIWA DAWA

Hatari kubwa zaidi kwa mtu wa mjini haitoki katika mti wenyewe bali katika vitu ambavyo binadamu ametia katika mti.

Kwanza ni nguzo za umeme na za simu. Nguzo hizi hutiwa dawa ili zisiliwe na mchwa wala kuoza. Nyingine hutiwa mafuta meusi ya lami, na nyingine dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ambayo huipa mbao rangi ya kijani kibichi. Aseniki ni sumu ya tangu zamani. Haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kupigwa randa, kwa kuwa imeingia ndani ya mbao, na mbao hiyo ikichomwa sumu hubaki katika jivu na kupanda na moshi. Mbao kama hiyo haifai hata kuwa kuni.

Pili ni mbao za majengo ya kale na za majahazi yaliyovunjwa. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Jahazi nalo limepakwa sifa, yaani mafuta ya papa, pamoja na dawa na rangi za kuzuia wadudu wa baharini. Ubao wa jahazi ni mzuri kwa kutengenezea fremu ya picha au benchi. Kwa chakula haufai.

Tatu ni plaiwudi na mbao nyingine zilizotengenezwa kwa vipande au unga wa mti uliogandishwa kwa gundi. Zikipata moto, gundi hutoa hewa inayodhuru kifua.

Nne ni paleti, nazo zahitaji maelezo marefu kidogo. Mwaka 2002 ilipitishwa kanuni ya kimataifa, namba 15 katika kanuni za ulinzi wa mimea, inayotaka mbao zote za kufungia shehena zinazovuka mipaka zitibiwe ili zisichukue wadudu kutoka nchi hata nchi. Mbao iliyotibiwa hupigwa mhuri. Mhuri huo una picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba ya mtengenezaji, na herufi za namna ya matibabu.

Herufi HT maana yake ni kwamba mbao ilitiwa joto mpaka kiini chake kikafika digrii 56 za sentigredi kwa dakika 30. Herufi MB maana yake ni kwamba ilifukizwa kwa gesi iitwayo methili bromidi. Gesi hiyo ni sumu kali, tena huharibu tabaka la hewa linaloikinga dunia na miale mikali ya jua. Kwa sababu hiyo nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 zilikubaliana baadaye kuiacha, na nchi zinazoendelea zilipewa mpaka mwaka 2015, isipokuwa kwa kazi ya kuzuia wadudu katika shehena. Ndiyo maana paleti yenye herufi MB bado yaweza kuonekana. Paleti hiyo isitumike kwa chombo chochote cha chakula, na paleti isiyo na mhuri wowote ihesabiwe vivyo hivyo.

Je, paleti yenye herufi HT ni salama? Watu wengi hudhani hivyo, nao wamekosea nusu. Mhuri ule husema habari za wadudu tu. Haukuandikwa kwa ajili ya mpishi. Hausemi kama paleti ile, baada ya kupigwa mhuri, ilibeba mapipa ya dawa za mimea, au kama mafuta machafu yalimwagika juu yake gatini. Zaidi ya hayo, paleti nyingi ni za msonobari, ambao tumeona umekwisha kukataliwa kwa sababu ya utomvu. Basi paleti ya HT yaweza kuwa rafu ya vitabu au banda la kuku. Kwa kibao cha samaki, iachwe.

KUKAUSHA MBAO

Mti uliopatikana, ukapasuliwa, haufai kutumiwa siku ile ile. Mti mbichi umejaa maji, nayo yakitoka ubao hujikunja na kupasuka. Kanuni ya mafundi ni kwamba mbao ikaushwayo kwa hewa yahitaji yapata mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao ya nusu inchi yaweza kuwa tayari kwa miezi sita hivi, na katika unyevu wa Mombasa huenda ikachukua zaidi kidogo.

Zipange mbao kivulini, mahali penye upepo, juu ya matofali ili zisiguse ardhi. Kati ya mbao na mbao weka vijiti vya unene mmoja, ili hewa ipite. Pakaza nta au rangi katika ncha za kila ubao, kwa maana maji hukimbilia kutokea huko, na ncha zikikauka kabla ya katikati ndipo nyufa huanza. Usizianike juani. Jua la Mombasa litazipasua kwa juma moja.

Ili kujua kama ubao umekauka, upime kwa mizani kila juma na uandike uzito wake. Madamu uzito unapungua, maji yangali yanatoka. Uzito ukikaa pale pale kwa majuma matatu mfululizo, ubao uko tayari.

KUTENGENEZA KIBAO

1. Chagua ubao usio na ufa, usio na jicho la mti linalotikisika, wala moyo wa mti katikati, kwa kuwa hapo ndipo mbao hupasukia.

2. Kwa kibao cha kukatia, unene uwe inchi moja au moja na nusu, upana inchi nane na urefu inchi kumi na mbili. Kwa kibao cha kuchomea, nusu inchi yatosha. Chembamba zaidi huungua kabla ya samaki kuiva, na kinene zaidi huchelewa kutoa moshi.

3. Piga randa pande zote mbili, ukifuata nyuzi za mbao. Ukiona randa inachimba na kung'oa nyuzi, geuza ubao uupige kutoka upande wa pili. Fundi ajifunike pua na mdomo kwa kitambaa, kwa sababu unga wa mbao hudhuru mapafu.

4. Duarisha pembe na kingo kwa tupa, zisimkwaruze mtu wala kumeguka.

5. Piga msasa, kwanza wa mchanga mkubwa, kisha wa mchanga mdogo. Halafu lowesha kibao kwa kitambaa, kiache kikauke, ndipo upige tena msasa mwembamba. Maji huziinua nyuzi zilizolala, na mara ya pili huzikata. Kibao cha kuchomea hakihitaji hatua hii.

6. Usitie gundi, rangi, vanishi wala misumari katika kibao cha kuchomea. Misumari iliyopakwa zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke unaodhuru.

MAFUTA YA KUPAKA

Kibao cha kukatia hupakwa mafuta ili kisinywe maji ya samaki. Mafuta ya alizeti na mengine ya kukaangia huchacha baada ya muda, kibao kikanuka. Mafuta ya nazi hayachachi upesi, nayo hupatikana kila mahali. Yaliyo bora ni yale mafuta meupe yasiyo na harufu wala ladha yauzwayo katika maduka ya dawa. Lakini hapa pana mtego wa jina. Mafuta hayo ya dawa kwa Kiingereza huitwa kwa jina linalofanana na la mafuta ya taa, na mtoto akitumwa dukani bila maelezo aweza kurudi na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni sumu, na yasiguse kabisa chombo cha chakula.

Atakaye kukinga kibao zaidi achukue sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu nne za mafuta kwa uzito. Ayayeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kabla ya maji kuchemka, na hakuna haja ya joto kubwa. Apake mchanganyiko huo ungali vuguvugu, auache usiku kucha, na asubuhi afute uliobaki. Kibao cha kuchomea hakipakwi mafuta yoyote, kwa sababu mafuta hushika moto na huzuia maji kuingia.

KUCHOMA SAMAKI

Loweka kibao katika maji safi ya kunywa kwa saa moja au mbili, ukikitia jiwe juu ili kizame. Usitumie maji ya mkono wa bahari ulio karibu na mji, kwa maana hupokea taka nyingi.

Sababu ya kuloweka ni hii. Maji hayapandi joto kupita digrii 100 pasipo kugeuka mvuke. Mti nao hauwaki mpaka ufike yapata digrii 250 au zaidi. Basi wakati wote maji yangalimo ndani ya ubao, joto linakwenda kuyageuza mvuke, na ubao hauwaki. Upande wa chini ukikauka, hufuka polepole na kutoa ule moshi utakiwao. Mpishi hodari ni yule anayemaliza kupika kabla ya maji kwisha.

Washa makaa nje ya nyumba. Makaa yakichomwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Ngoja mpaka makaa yavae jivu la kijivu na ndimi za moto ziishe. Weka kibao juu ya wavu, kiasi cha shibiri moja au pungufu kidogo juu ya makaa, kwa dakika tatu au nne. Kikianza kufuka kidogo, kigeuze, na uweke samaki juu ya upande uliopata joto.

Changu, tafi au kipande cha nguru hufaa. Mtie ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili, au ukwaju kwa apendaye. Mfunike kwa sufuria pana iliyopinduliwa, ili joto na moshi vimzunguke, kwa kuwa hatageuzwa. Kipande cha unene wa inchi moja huiva kwa dakika 15 hadi 20, na samaki mzima huchukua zaidi. Ameiva nyama yake ikiwa nyeupe na kuachana kwa uma mpaka kwenye mfupa. Mwenye kipimajoto aone digrii 63 katikati ya nyama. Tui lililopikwa kando humiminwa baada ya samaki kutolewa, lisije likamwagika makaani.

Weka ndoo ya maji karibu. Kingo za kibao zikiwaka, zinyunyizie. Kazi ikiisha, kizamishe kibao ndani ya ndoo mpaka kisitoe moshi tena. Kibao kilichotupwa jaani kikiwa na kaa moja la moto chaweza kuwaka usiku, na katika mitaa yenye nyumba zilizobanana moto wa jaa moja huweza kuwa msiba wa watu wengi. Kibao kisichoungua sana huoshwa na kutumika tena mara mbili au tatu.

USAFI

Wako wanaosema kwamba mti ni mchafu na plastiki ni safi. Katika miaka ya 1990, mtaalamu wa Kimarekani Dean Cliver na wenzake walilichunguza jambo hili. Waliona kwamba vijidudu vilivyowekwa juu ya mti vilinywewa ndani, na vingi vikafa humo bila kurudi juu, lakini plastiki iliyochanjwa na kisu ilivihifadhi katika michubuko yake, na ilikuwa vigumu kuisafisha. Hii si ruhusa ya uvivu. Kibao cha mti kioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara baada ya kazi, kisuguliwe kwa chumvi na ndimu kikinuka, kisha kisimamishwe kwa ubavu mpaka kikauke. Kisiachwe ndani ya maji usiku. Kikichanjwa sana, kipigwe randa upya.

Tena ni vema nyumba iwe na vibao viwili: kimoja cha samaki na nyama mbichi, na kingine cha mkate, matunda na kachumbari. Maradhi mengi ya tumbo hutokana na kisu na kibao kilichotoka katika kuku mbichi kikaingia katika nyanya.

KWA ANAYETAKA KUUZA

Kijana mwenye mikono mizuri aweza kupata riziki kwa kazi hii, kwa kuwa mtaji wake ni mdogo. Lakini auzaye chombo cha chakula amebeba amana. Na aandike nyuma ya kila kibao jina la mti, na kama ni cha kukatia au cha kuchomea. Mnunuzi naye asione haya kuuliza maswali matatu: Huu ni mti gani? Ulikatwa wapi? Umetiwa nini? Fundi aliyeununua mti ukiwa umesimama shambani atajibu yote matatu bila kusita. Fundi asiyeweza kujibu, hata kama kibao chake kinang'aa na bei yake ni ndogo, anunuliwe kigoda na asinunuliwe kibao.